Hasira za barabarani: mwongozo kamili wa kuendesha Dar bila kuwakiana na watu

Wakuu, hii nimewaandikia hasa wanaoendesha Dar, ingawa wa Mwanza, Arusha na hata Mombasa wataona mengi yanawahusu. Sio somo la alama za barabarani, hizo ulishafundishwa au ulipaswa kufundishwa. Ni namna ya kutoka Mbezi mpaka Posta na kurudi bila kutukanana na mtu, bila kumfukuzia mtu na bila wewe kufukuziwa. Nimeipanga kuanzia kabla hujawasha gari mpaka umefika, hatua zingine ni fupi maana hazina mengi na zingine ntakaa sana kwa sababu ndipo watu wanapoumizana.

Kitu cha kushika kabla ya yote: hasira nyingi za barabarani zinahusu heshima kuliko zinavyohusu gari. Mtu akikuchomekea hujapoteza hata sekunde 5, ila unajisikia umedharauliwa, na kuanzia hapo unachotafuta ni kuirudisha heshima yako. Sasa heshima hiyo unaitetea mbele ya nani? Yule jamaa hakujui, hajui kazini unaitwa bosi, hajui una watoto wanakusubiri, na baada ya mataa mawili hamtaonana tena. Hata ukishinda hakuna mtu wa kukupigia makofi. Ukilielewa hili vizuri umeshapunguza kazi kubwa, yanayobaki ni mbinu.

Hatua ya 1: Anza nyumbani, gari ikiwa bado imezimwa

Watu wanadhani hasira zinaanzia barabarani, hapana, unatoka nazo getini. Mtu amelala masaa manne tu, hajanywa hata chai, amechelewa kwa dakika 20 na gari inachemsha kwenye foleni, huyo tayari amejaa, anasubiri tu bodaboda wa kwanza amguse saiti mira.

Kuhusu muda tupige hesabu kidogo. Chukua safari ya kilomita 20. Ukienda 60 bila kusimama popote unatumia dakika 20, ukienda 80 bila kusimama unatumia dakika 15. Yaani vurugu yote ile, kuhama leni, kupiga honi, kuwabana watu, inakupa dakika 5, na hizo ni kama barabara ni tupu na mataa yote ya kijani, kitu ambacho Dar hakipo. Kiuhalisia unamkuta yule uliyempita kwa mbwembwe amesimama pembeni yako kwenye mataa yanayofuata. Na hapo tumesahau kwamba kwenye makazi ya watu mwisho ni 50. Kwahiyo dakika zako zitafute kitandani, amka mapema. Kama huwezi kuamka mapema basi kubali umechelewa, piga simu kabla hujaondoka umwambie mtu "ntachelewa nusu saa", halafu endesha kama mtu ambaye ameshasamehewa.

Mengine ya kuangalia kabla ya kutoka: kunywa maji na kula chochote, nenda chooni (usicheke, mtu aliyebanwa na mkojo kwenye foleni ya Kilwa Road hana subira na mtu yeyote), hakikisha AC au vioo vinafanya kazi, na rejeta ina maji. Gari mbovu inatengeneza dereva mkorofi. Halafu ujue siku na saa zenye joto zaidi. Ijumaa jioni, mwisho wa mwezi, siku ya mvua, na lile saa moja kabla ya magharibi mwezi wa Ramadhani, ambapo kila mtu anawahi futari na hata watu wapole kabisa wanapita kama wanakimbizwa. Siku hizo ongeza muda au subiri ofisini mpaka kupoe.

Hatua ya 2: Jijue wewe ni mkorofi wa aina gani

Hapa uwe mkweli maana hakuna anayekusikia. Kuna dereva wa kutukana, vioo vimefungwa ila mdomo haufungwi. Kuna dereva wa kufundisha, huyu akikosewa lazima amfundishe mtu adabu, anamfunga breki mbele, anamwashia taa za fulu, anagoma kumpa nafasi. Kuna wa kushindana, akipitwa tu anakanyaga mafuta. Na kuna aliyenyamaza kimya huku anasaga meno, huyu ndiye ninayemuogopa zaidi kwa sababu siku akilipuka hata yeye anajishangaa.

Dalili zinawahi kuja kabla ya tukio. Mikono inabana usukani mpaka viungo vinauma, mabega yanapanda kuelekea masikioni, unaanza kuongea na magari ("wewe nawe nenda basi!"), unamsogelea wa mbele mpaka huoni matairi yake. Dalili nyingine nzuri ni abiria wako. Kama mkeo au mumeo ameshika kile kishikio cha juu ya mlango na miguu yake inakanyaga breki ambayo haipo, ujue tayari.

Ukiona dalili fanya kitu cha mwili, mawazo yaache kwanza. Shusha mabega. Legeza mikono. Toa pumzi taratibu, itoke ndefu kuliko uliyovuta, fanya hivyo mara nne tano. Ukikasirika mwili unajiandaa kupigana, moyo unaenda mbio, misuli inakaza na macho yanaona mbele tu pembeni hayaoni, na kwa hali hiyo kumwona mtoto anayevuka au boda anayetokea kushoto ni bahati. Pumzi ndefu ya kutoa ndio njia ya haraka ya kuupoza huo mwili bila kusimamisha gari.

Hatua ya 3: Wajue unaopigana nao

Hapa ntakaa kidogo. Ukijua kwanini mtu anafanya anachofanya hasira zinapungua zenyewe, hata kama kosa lake linabaki kuwa kosa.

Daladala. Dereva wa daladala mara nyingi gari sio yake, ana hesabu ya tajiri kila siku, mafuta juu yake, konda juu yake, na kinachobaki ndio chake. Kila abiria aliyesimama barabarani ni hela, na daladala iliyo nyuma yake inamtaka abiria huyo huyo. Ndio maana anasimama ghafla, anatanua (anapita pembeni nje ya lami), anakuziba. Hana ugomvi na wewe, wala hajakuona. Dawa yake ni kukaa mbali: usikae nyuma yake ukiwa umembana, na kila ukikaribia kituo hesabu kwamba atasimama au atachomoka bila indiketa. Konda akitoa mkono dirishani anapunga ujue anaingia, ile ndio indiketa yao. Muache aingie, ubishi na daladala hauna faida, bampa lake limeshagongwa mara nyingi na yeye halimuumi, lako ndio jipya.

Bodaboda. Wengi wako kwenye mkataba, pikipiki ya mtu, analeta hela kila siku mpaka itimie ndio iwe yake. Siku asipofikisha ni deni. Anapita katikati ya magari kwa sababu hiyo ndiyo biashara yenyewe, abiria amempanda ili asikae foleni. Kwenye foleni ukitaka kuhama leni hata kwa nusu mita angalia kioo cha pande zote mbili halafu geuza na shingo, maana yeye yuko kwenye ile sehemu ambayo kioo hakioni. Akikugusa saiti mira ikakunjika bila kuvunjika, ikunjue endelea na safari. Kushuka kumfokea boda mmoja ni kuita boda kumi, na hili ntalirudia chini.

Bajaji ni wale wale ila anageuza popote, hata katikati ya barabara. Malori: jamaa hawezi kusimama kama wewe, ukimchomekea mbele umejiweka kwenye hukumu ya breki zake.

Msafara wa kiongozi au gari la wagonjwa lenye king'ora, sogea kushoto simama, basi. Ila kuna wale wajanja wanaounga nyuma ya ambulensi kama ndugu wa mgonjwa. Wanaudhi kweli, lakini ukijaribu kuwabana unaweza kuiziba ambulensi nyingine inayokuja.

Anayejifunza, ile gari yenye "L", akizimikiwa gari kwenye kilima usimpigie honi. Honi inamfanya azime tena. Wewe ndio unajiongezea muda.

Neno kwa wanaume: mwanamke akifanya kosa barabarani mnasema "ndio wanawake hawa", mwanaume akifanya kosa lile lile mnasema "huyu jamaa ana haraka". Dada zetu wanabanwa makusudi, wanapigiwa fulu na kutolewa maneno kwenye mataa kwa sababu tu ni wanawake. Na wewe dada ukifanyiwa hivyo, vioo juu, milango lock, macho mbele, na hatua ya 6 isome mara mbili.

Hatua ya 4: Umechomekewa. Sekunde kumi za kwanza

Tuchukue tukio lenyewe. Unatoka Mwenge unaelekea mjini, foleni inatembea kidogo kidogo, umemuachia wa mbele nafasi ya kistaarabu. Mara kutoka kushoto, kwa wale waliotanua kwenye vumbi, inachomoka Toyota IST nyeupe, inaingiza pua, nusu mita kutoka kwenye bampa lako, haijawasha indiketa na dereva hata hakuangalii. Mguu wako unafanya nini?

Wengi mguu unakanyaga mafuta kuziba ile nafasi. Usifanye. Toa mguu kwenye mafuta, usikanyage breki kwa nguvu kama hakuna ulazima maana wa nyuma naye atakuingia, acha gari ipunguze mwendo yenyewe. Mkono wa honi ubaki kwenye usukani. Honi kazi yake ni kumwambia mtu "nipo hapa, utanigonga", ipige fupi kama kuna hatari kweli. Ile honi ndefu ya sekunde nne baada ya tukio kupita haizuii ajali yoyote, ni tusi tu limepigwa kwa umeme.

Halafu rudisha nafasi. Angalia nguzo au bango lolote, gari ya mbele ikiipita anza kuhesabu taratibu "mia na moja, mia na mbili". Ukiifikia nguzo kabla hujamaliza, uko karibu mno. Mvua ikinyesha hesabu mpaka mia na nne. Najua utasema ukiacha nafasi Dar watu wanaingia. Ndio wanaingia. Wakiingia watano umechelewa labda nusu dakika, na hiyo nusu dakika ulishaiweka kwenye bajeti ukiwa nyumbani hatua ya kwanza.

Kingine, mtungie hadithi. Huyu wa IST labda anawahi hospitali, labda tumbo linamuuma, labda ni mshamba wa barabara hiyo amekosea leni. Sio lazima iwe kweli. Sisi tukichomekea tuna sababu, "nlikuwa nawahi ndege", wenzetu wakichomekea hawana sababu, wana tabia mbaya. Kumpa mwenzako ile sababu unayojipa wewe kila siku kunapoza kichwa. Mimi binafsi naona ya tumbo ndio inafanya kazi kuliko zote, huwezi kumchukia mtu ambaye unamuona kichwani akikimbilia choo.

Kitu cha hatari kuliko vyote ni kumpita ili umwangalie usoni. Watu wengi wanafanya hivi, wanasogea sambamba, wanageuza shingo wampe jicho na neno moja la nguoni. Kwenye 50 gari inatembea karibu mita 14 kwa sekunde moja. Umegeuka sekunde mbili tu kumtukana mtu, gari imeshaenda mita 28 haina dereva. Mbele pale kuna zebra, kuna mama na ndoo ya samaki.

Na usije ukahamishia hasira barabara ya mwendokasi kwamba "ngoja niwapite wote hawa". Yale mabasi yana njia yao, yanakuja na uzito wake na abiria wamesimama ndani, na ukikamatwa faini ni juu yako.

Hatua ya 5: Wewe ndio umekosea na mtu amekukasirikia

Inatokea kwa kila mtu. Umehama leni hujamuona, kakukosa kidogo. Hapa una silaha moja inayofanya kazi kuliko zote na ni ya bure, mkono. Inua mkono wazi, vidole vyote vikiwa vimenyooka, juu kidogo ya usukani aone kwenye kioo, na uinamishe kichwa. Mkono wazi, sio kidole kimoja, wala ile ya kurusha mkono kama unasema "kwani vipi". Ugomvi mwingi unaishia hapo. Mkisimama sambamba kwenye mataa na kioo chake kiko chini, neno ni "Samahani kaka, sikukuona", kama ni mtu mzima "Shikamoo mzee, nisamehe, sikukuona". Shikamoo ikitangulia ni vigumu sana mtu kuendelea na tusi, lazima aitikie marahaba kwanza, na akishaitikia tayari mnaongea kama watu.

Usianze kujieleza sana. "Samahani lakini na wewe ulikuwa spidi" sio samahani, ni raundi ya pili.

Kama ana hasira bado na amekuja kukukalia nyuma kabisa, anakuwashia fulu, usifunge breki kumtisha. Watu wanaita kumfundisha, mimi naita kuomba kugongwa. Washa indiketa ya kushoto, punguza mwendo taratibu, muache apite. Kama yuko nyuma kwa sababu una mwendo mdogo kwenye leni ya kulia basi kosa ni lako, hama tu. Akipita akakutolea ishara, macho mbele. Kumkazia macho mtu mwenye hasira anakuchukulia umekubali mpambano.

Hatua ya 6: Hajaridhika, anakufuata

Hii ni hatua ambayo naomba uisome ukiwa umetulia ili siku ikikukuta usifikirie.

Kwanza hakikisha kweli anakufuata. Kata kona ambayo haina sababu, zunguka kiplefti mara mbili. Kama bado yuko nyuma, anakufuata. Kuanzia hapo usiende nyumbani, usimwonyeshe geti lako wala shule ya watoto. Usiingie barabara za mtaani zenye giza zisizo na watu. Nenda kituo cha polisi unachokijua, kama hakipo karibu nenda sheli kubwa yenye taa na watu, au hospitali yenye walinzi getini. Ndio maana ni vizuri ujue kwenye njia yako ya kila siku vituo vya polisi viko wapi, viangalie kesho ukipita.

Vioo juu, milango lock. Piga 112, weka spika, sema uko barabara gani, unaelekea upande gani, gari gani inakufuata, rangi na namba. Namba isome kwa sauti kwenye simu hata kama bado hawajapokea, kama una abiria yeye aandike. Pikipiki namba zake zinaanza na MC, ikusaidie kukumbuka.

Ukilazimika kusimama kwenye mataa acha nafasi mbele, kiasi cha kuona matairi ya gari ya mbele yanagusa lami. Nafasi hiyo inakutosha kukata usukani na kutoka. Ukigandana na gari ya mbele umefungwa. Akishuka akaja dirishani usishushe kioo, usishuke, usimpige video simu ikiwa imemwelekea usoni maana wengi wanapandwa zaidi wakiona simu. Kama una dashikamu (kamera ya kwenye dashibodi) imeshachukua yote kimya kimya. Akipiga kioo na mbele kuna nafasi, ondoka taratibu na honi ndefu, hapa ndio honi ndefu ina kazi, watu wageuke waangalie.

Na usibebe rungu au panga chini ya siti "kwa usalama". Watu wanabeba sana. Siku ukiwa umepandwa na hasira kitu hicho kitakuwa mkononi mwako kabla akili haijafika, na mahakamani hakuna atakayejali kuhusu kuchomekewa.

Hatua ya 7: Mmegusana tayari

Mkwaruzo mdogo, hakuna aliyeumia. Simama, washa hazadi, vuta handbreki, hesabu mpaka kumi ndani ya gari kabla hujafungua mlango. Weka pembetatu nyuma. Ukishuka anza na "Pole kaka, uko salama?" au "Pole dada, hujaumia?", kabla hata hujaangalia gari yako. Akiona unamuuliza yeye badala ya bampa anashuka joto. Piga picha gari zote mbili zilivyokaa, namba, leseni zake na stika ya bima, halafu kama zinaweza kutembea zisogezeni pembeni maana nyuma yenu kuna watu mia mnawatengenezea hasira mpya.

Mkitaka kumalizana wenyewe andikeni, hata ujumbe wa simu unaosema kilichotokea na kiasi kilicholipwa, na hela zipite kwenye simu ziache kumbukumbu. Mkishindwa kuelewana acheni kubishana nani mwenye kosa, mwiteni trafiki apime, hiyo ni kazi yake. Ukihitaji bima ikulipe utahitaji ripoti ya polisi, na kama una bima ndogo tu kumbuka inalipa uharibifu wa mwenzako, ya kwako utajitengenezea. Kuna watu wanapigana ngumi barabarani kwa kitu ambacho bima ilikuwa ilipe.

Kama kuna aliyeumia, mtu kwanza. Anapelekwa hospitali, mambo ya PF3 (fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi) yafuate haraka polisi, mabishano yasubiri.

Sasa ile ya bodaboda niliyosema ntairudia. Ukimgonga boda hata kama kosa ni lake, ndani ya dakika mbili boda wengine wanafika na wote hawakuona ajali. Wanakuja kwa umoja wao, siwalaumu sana, ni kundi linaloumia barabarani kila siku na halina mtu mwingine wa kulitetea. Lakini kundi lenye hasira halisikilizi. Mhudumie aliyeumia, ongea na mmoja tu, tafuta mkubwa wao au mwenyekiti wa kijiwe, mwite kwa heshima, "Kiongozi, naomba tumpeleke mwenzetu hospitali kwanza, mimi sikimbii." Neno "sikimbii" ndilo wanalotaka kusikia. Ila ukiona mawe yameanza kuokotwa, usibaki kuwa shujaa, ondoka nenda moja kwa moja kituo cha polisi cha karibu ukaripoti muda huo huo. Kinachomfanya mtu aonekane amekimbia ni kuondoka halafu asiripoti.

Hatua ya 8: Njia kuu, safari ndefu

Mjini hasira zinavunja taa, njia kuu zinaua. Hapa tatizo kubwa ni kuovateki kwa hasira, umekaa nyuma ya semi dakika 15 kuanzia Chalinze, basi limekupita kwa dharau, ukasema na mimi natoka.

Hesabu hii iweke kichwani. Semi inaenda 60, wewe unaipita ukiwa 80. Kuanzia kutoka nyuma yake mpaka kurudi salama mbele yake inachukua kama sekunde 10. Basi linalokuja mbele nalo liko 80. Mnakaribiana mita 44 kila sekunde. Kwa sekunde 10 ni mita 440 zimeisha. Kama huoni lami tupu ya zaidi ya nusu kilomita, kaa nyuma. Mstari usiokatika kaa nyuma. Kilimani na kwenye kona kaa nyuma, mlima Kitonga kule Iringa ndio usijaribu kabisa, malori yanashuka na gia nzito na yanapanda kama kobe, kila mtu anajua, panga muda wako.

Madereva wengi wa malori ni waungwana. Akikuwashia indiketa ya kulia anakwambia mbele kuna gari tulia, ya kushoto anakwambia njia iko wazi. Ni msaada, ila macho ni yako, maana inawezekana kweli anakata kona au anaegesha. Ukishampita piga hazadi mara mbili kumshukuru.

Mwingine akikuwashia fulu usiku anakuja, usimlipe kwa kumwashia zako. Sasa mko wawili msioona mnakutana kwa 160. Angalia mstari wa pembeni kushoto, punguza, akipita endelea. Na anayetaka kukupita mpe njia, usiongeze mwendo akiwa sambamba na wewe. Nimeona watu wazima wenye familia ndani wanafanya mchezo huo na basi linakuja mbele.

Hatua ya 9: Kama wewe ni abiria

Huku wengi hatuna usukani. Dereva wako akiwa mtu wa karibu na amepandwa, usimwambie "tulia" wala "acha ujinga", atageuzia kwako na mikono itaacha usukani. Mpe kazi nyingine: "Baba Asha, nasikia kichefuchefu, tusimame sheli ninunue maji." Akishuka dakika tano amepoa mwenyewe. Mazungumzo ya tabia yake yaacheni mpaka kesho asubuhi, na kama ni kila siku, na nyumbani pia ni hivyo hivyo, basi barabara sio tatizo, atafute mshauri au kiongozi wa dini anayemsikiliza.

Ukiwa kwenye boda una nguvu kuliko unavyodhani, mguse begani, "Kaka nishushe hapa," lipa, shuka. Basi la mkoani likianza kushindana na lingine, na mwendo wa basi mwisho ni 80, abiria mkisema wengi kwa pamoja dereva anasikia, mmoja akisema anaambiwa ashuke. Ongea na wa pembeni yako kwanza, halafu konda, "mwanangu mwambie dereva apunguze, tuna watoto huku." Wakigoma, mabasi mengi yamebandikwa namba za trafiki na LATRA (mamlaka inayosimamia usafiri wa nchi kavu) ndani, na mabasi yanafuatiliwa mwendo wake kwa kifaa, kwahiyo kinachotakiwa kwenye simu yako ni vitu vinne tu: namba ya basi, jina la kampuni, mko wapi, na saa ngapi. Tuma kabla hamjafika stendi inayofuata, trafiki wa mbele awakute bado mko barabarani.